Wilt Chamberlain: mfungaji aliyekubali kufunga kidogo

Wanaofuatilia mpira wa kikapu wanalijua jina la Wilt Chamberlain kwa sababu ya namba moja: 100. Hizo ni pointi alizofunga peke yake katika mchezo mmoja, tarehe 2 Machi 1962, timu yake ya Philadelphia Warriors ilipoishinda New York Knicks mjini Hershey, Marekani. Leo tunaitazama sehemu nyingine ya maisha yake, isiyosimuliwa sana: namna alivyobadilisha kazi yake uwanjani baada ya kuumia goti.

Chamberlain alizaliwa Philadelphia tarehe 21 Agosti 1936. Alikuwa na urefu wa mita 2.16, yaani alilazimika kuinama ili apite kwenye mlango wa kawaida wa nyumba. Aliingia ligi ya NBA mwaka 1959, na katika msimu wa 1961 hadi 1962 alifunga wastani wa pointi 50 kila mchezo. Hata hivyo, ubingwa ulimkwepa kwa miaka mingi. Aliupata mara ya kwanza mwaka 1967, akiwa na Philadelphia 76ers. Mwaka uliofuata alihamia Los Angeles Lakers.

Novemba 1969, msimu ukiwa bado mchanga, alianguka uwanjani na kano ya goti lake la kulia ikakatika. Kano ni ule uzi mgumu unaoushikiza msuli kwenye mfupa. Ikikatika gotini, mtu hawezi kuunyoosha mguu, sembuse kuruka. Alifanyiwa upasuaji. Alikuwa na miaka 33, na wengi waliamini msimu wake umekwisha.

Haikuwa hivyo. Aliujenga upya mguu kwa mazoezi ya miezi kadhaa, pamoja na kucheza mpira wa wavu kwenye mchanga wa ufukweni. Machi 1970 alirudi, zikiwa zimebaki mechi chache tu za msimu wa kawaida. Lakers walifika fainali dhidi ya Knicks. Katika mchezo wa sita alifunga pointi 45. Mchezo wa saba, Lakers walishindwa. Tangu timu hiyo ihamie Los Angeles mwaka 1960, hiyo ilikuwa fainali ya saba kupoteza.

Mwaka 1971 alikuja kocha mpya, Bill Sharman. Zamani Sharman alicheza Boston Celtics pamoja na Bill Russell, mlinzi aliyeshinda ubingwa mara 11 bila kuwa mfungaji mkubwa. Sharman alimtaka Chamberlain afanye kazi kama ya Russell: alinde kikapu, adake mipira inayogonga ubao na kurudi, kisha aitupe haraka mbele kwa wenzake wenye mbio. Kufunga wangeachiwa Jerry West na Gail Goodrich.

Ombi hilo halikuwa jepesi. Huyu ndiye aliyekuwa amefunga pointi nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi hiyo. Sasa alikuwa na miaka 35, na anaombwa kufanya kazi ambayo watazamaji wengi hawaioni. Alikubali. Mwanzoni mwa msimu huo mwenzake Elgin Baylor alistaafu kwa sababu ya majeraha, na Chamberlain akawa nahodha.

Wastani wake ulishuka hadi chini ya pointi 15 kwa mchezo, lakini hakuna aliyedaka mipira mingi kuliko yeye msimu huo. West na Goodrich walifunga zaidi ya 25 kila mmoja. Lakers walishinda michezo 33 mfululizo, kuanzia Novemba 1971 hadi Januari 1972, rekodi ambayo haijavunjwa katika NBA. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda michezo 69 na kupoteza 13.

Fainali ilikuwa tena dhidi ya Knicks. Katika mchezo wa nne Chamberlain aliumia kifundo cha mkono. Mchezo wa tano aliingia mikono ikiwa imefungwa, akafunga pointi 24 na kudaka mipira 29. Lakers wakawa mabingwa, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Alicheza msimu mmoja zaidi, kisha akaachana na NBA mwaka 1973. Alifariki dunia nyumbani kwake Los Angeles tarehe 12 Oktoba 1999, akiwa na miaka 63.

Wengi wetu tumemwona mchezaji wa shule au wa kijiji anayerudi baada ya kuumia, akataka apewe mpira kila mara kama zamani. Timu nayo humsubiri, na mchezo unapoa. Chamberlain alikuwa na kila sababu ya kudai hivyo. Kwa kutodai, aliwapa Los Angeles ubingwa waliokuwa wameukosa kwa miaka 12.