Vincent van Gogh na Picha za Millet

Watahiniwa wengi wakisikia jina la Vincent van Gogh hukumbuka sikio alilojikata, basi. Hilo halitakupa alama nyingi. Jiulize badala yake mtu huyu alijifunzaje uchoraji, maana alianza akiwa amechelewa sana.

Alizaliwa Zundert, Uholanzi, mwaka 1853, mtoto wa mchungaji. Aliuza picha dukani, akafundisha, akahubiri kwa wachimba makaa ya mawe huko Ubelgiji, na kote hakudumu. Mwaka 1880, akiwa na miaka 27, aliamua kuwa mchoraji. Hakuwa na mwalimu, hivyo alinakili picha zilizochapishwa za Jean-François Millet, Mfaransa aliyechora wakulima kama walivyo, bila kuwapamba. Mwishoni mwa 1881 Anton Mauve, mume wa binamu yake, ndiye aliyemwonyesha matumizi ya rangi za mafuta. Mwaka 1885 alichora familia ya wakulima watano wakila viazi chini ya taa moja. Rafiki yake mchoraji aliikosoa vikali picha hiyo. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi zake kuu.

Sasa zingatia mwaka 1889. Mwezi Mei aliingia kwa hiari katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Julai ugonjwa ulimrudia, na kwa wiki kadhaa hakuweza kufanya kazi. Aliogopa kwamba mkono wake ungesahau. Watu wa kumkalia awachore walikuwa wachache mno, naye hakutaka kutoka nje. Akarudi kwa Millet, aliyekwisha kufa tangu 1875, akitumia picha alizotumiwa na mdogo wake, Theo.

Chukua mfano wa picha ya mkesha. Ndani ya chumba mna taa. Mama anashona, baba anasuka kikapu, mtoto yuko kwenye susu. Picha aliyokuwa nayo Vincent ilikuwa nyeusi na nyeupe. Umbo, mkao wa miili na mahali pa kivuli alivipata kwa Millet. Rangi hakupewa na mtu. Alichagua zambarau kwa chumba, njano ya limau iliyopauka kwa mwanga wa taa, rangi ya chungwa kwa moto, na wekundu wa udongo kwa mwanamume. Hapo ndipo penye somo, kwa sababu aliyenakili weusi na weupe kwa rangi za mafuta hulazimika kuamua kila kivuli kiwe na rangi gani. Mwenyewe alijifananisha na mpiga fidla anayepiga muziki uliotungwa na mwingine.

Picha nyingine ya Millet, ya mtoto anayejifunza kutembea, aliichorea miraba kwanza ili vipimo vihamie sawasawa kwenye turubai. Kwa jumla alitengeneza nakala 21 za Millet kati ya vuli 1889 na mwanzo wa 1890. Usiandike kwamba aliiga kwa kukosa ubunifu. Jibu hilo ni dhaifu.

Alifariki Auvers-sur-Oise tarehe 29 Julai 1890, akiwa na miaka 37. Picha ya mkesha imo katika jumba la makumbusho lenye jina lake, Amsterdam. Ukiipata kitabuni, funika taa kwa kidole, kisha tazama chumba kinabaki na nini.