Maria Montessori na Watoto wa San Lorenzo

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Alihitimu udaktari Roma mwaka 1896, wakati madaktari wanawake nchini mwake walikuwa wa kuhesabika. Alipowahudumia watoto wenye ulemavu wa akili, aliona wanajifunza zaidi kwa kushika kuliko kwa kuambiwa.

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walishinda kazini, watoto wakibaki kuchafua kuta. Wenye majengo walitaka tu mtu wa kuwachunga. Sisi tuliofika machimbo ya Nyarugusu au Rwamgasa, kule Geita, tunaielewa picha hiyo: mama anaponda mawe ya dhahabu, mtoto anachezea vumbi kando yake.

Yeye hakuishia kuwachunga. Aliwapa meza na viti vya kimo chao. Walifagia, walimimina maji, walifuatisha kwa kidole herufi za karatasi ya msasa, na wenye miaka minne wakaanza kuandika. Chekechea zetu nyingi bado huimbisha tu herufi za ubaoni, ilhali mtoto wa Shinyanga huhesabu mbuzi wa baba yake bila kukosea.

Hata dini aliifundisha hivyo. Huko Barcelona watoto walilima ngano na mizabibu kwa ajili ya Misa. Kwetu bustani ya kigango ingetosha kuanzia, hata kwa mtama.

Mwaka 1934 alikosana na serikali ya Mussolini, shule zake zikafungwa. Alifundisha India miaka ya vita, akafariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952. Alizikwa hukohuko, katika makaburi ya Wakatoliki.