Daktari Semmelweis na Homa ya Uzazi

Mama anajifungua salama. Mtoto analia, kisha ananyonya. Watu wa nyumbani wanafurahi. Siku ya tatu mama anashikwa na homa kali. Tumbo linamuuma. Baada ya siku chache anakufa, na mtoto anabaki yatima. Kwa nini?

Swali hili liliulizwa na watu kwa miaka mingi. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine walisema ni hewa mbaya. Mtu mmoja hakuridhika na majibu hayo. Alikuwa daktari, na jina lake ni Ignaz Semmelweis. Jina hili hutamkwa Zemelvais. Hii ni habari ya maisha yake.

Kuzaliwa na kusoma

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai, 1818, katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria, huko Ulaya. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula. Mwaka 1837 Semmelweis alikwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, kusoma sheria. Lakini aliacha sheria, akasoma udaktari. Alifaulu mwaka 1844. Mwaka 1846 alianza kazi katika wodi za wazazi za hospitali kuu ya Vienna.

Wodi mbili

Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika Wodi ya Kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika Wodi ya Pili walifundishwa wakunga. Waja wazito walipokewa kwa zamu. Siku moja walipelekwa Wodi ya Kwanza, siku nyingine Wodi ya Pili. Mama hakuchagua.

Mwaka 1846, akina mama 4,010 walijifungua katika Wodi ya Kwanza. Kati yao walikufa 459. Katika Wodi ya Pili walijifungua 3,754, wakafa 105. Yaani, katika kila wazazi 100 wa Wodi ya Kwanza walikufa kama 11. Katika kila wazazi 100 wa Wodi ya Pili walikufa kama 3. Wengi wao waliuawa na homa ya uzazi.

Watu wa mjini walijua habari hiyo. Waja wazito walipiga magoti wakilia, wakiomba wasipelekwe Wodi ya Kwanza. Wengine walijifungulia njiani kabla ya kufika hospitali. Ajabu ni kwamba hao wa njiani hawakuugua sana kama wale wa wodini.

Kutafuta sababu

Jambo hili lilimtesa Semmelweis. Akaanza kuchunguza sababu moja baada ya nyingine.

Je, ni hewa mbaya? Hapana. Wodi zote mbili zilivuta hewa moja.

Je, ni kusongamana? Hapana. Wodi ya Pili ndiyo iliyojaa watu zaidi.

Je, ni namna ya kulala? Katika Wodi ya Pili wazazi walilala ubavu wakati wa kujifungua. Semmelweis akaagiza wa Wodi ya Kwanza nao walale hivyo. Vifo havikupungua.

Je, ni hofu? Padri alikuwa akipita katika Wodi ya Kwanza kuwaombea wanaokufa, na mbele yake kengele ililia. Wazazi walisikia wakaogopa. Semmelweis akamwomba padri apite njia nyingine, bila kengele. Vifo havikupungua.

Kifo cha rafiki

Mwezi wa Machi 1847, rafiki yake aliyeitwa Jakob Kolletschka alikufa. Alikuwa mwalimu wa madaktari. Alikuwa akifundisha kupasua maiti ili kujua sababu za vifo. Siku moja mwanafunzi alimchoma kidole kwa kisu kwa bahati mbaya. Kolletschka akaugua, akafa.

Semmelweis alisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake. Akashangaa. Dalili zilikuwa zile zile za homa ya uzazi. Lakini rafiki yake alikuwa mwanamume. Hakuzaa. Basi ugonjwa ulimwingiaje? Uliingia kwa kisu kilichogusa maiti.

Ndipo alipoelewa. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakipasua maiti. Kisha walikwenda Wodi ya Kwanza kuwapima wazazi kwa vidole. Walinawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Wakunga wa Wodi ya Pili hawakupasua maiti. Ndiyo maana wazazi wao walikufa wachache.

Semmelweis mwenyewe alikuwa amepasua maiti wengi. Kwa hiyo aliona kwamba hata mikono yake imeua. Jambo hilo lilimuumiza sana, lakini hakulificha. Alilisema wazi.

Maji ya klorini

Mwezi wa Mei 1847 alitoa amri. Kila daktari na kila mwanafunzi anayeingia wodini lazima anawe mikono kwa maji ya klorini. Hii ni dawa kali yenye harufu, ambayo hata leo hutumiwa kusafishia maji ya kunywa.

Mwezi wa Aprili, katika kila wazazi 100 walikuwa wamekufa 18. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu.

Baadaye alijifunza jambo jingine. Mwezi wa Oktoba alilazwa mama mwenye saratani ya kizazi iliyokuwa ikitoa uchafu. Madaktari walimpima yeye kwanza, kisha wakapima wenzake. Wenzake 11 walikufa. Basi Semmelweis akaagiza kunawa kila baada ya kupima mtu mmoja, si wakati wa kuingia tu.

Mwaka 1848, katika Wodi ya Kwanza walijifungua akina mama 3,556. Walikufa 45. Ni kama 1 katika kila 100. Miezi miwili ya mwaka huo hakufa hata mmoja.

Kukataliwa

Tungetegemea madaktari wote wafurahi. Haikuwa hivyo. Wakati huo madaktari hawakujua kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa haya. Tena, ni vigumu mtu kukubali kwamba mikono yake ndiyo iliyoua. Wengi walikasirika. Mwaka 1849 Semmelweis hakuongezewa muda wa kazi.

Alirudi kwao, akafanya kazi katika mji wa Pest, ng'ambo ya mto kutoka Buda. Huko nako aliwanawisha watu mikono. Kuanzia mwaka 1851 hadi 1857, katika wazazi 933 walikufa kwa homa hiyo 8 tu. Lakini alichelewa kuandika kitabu chake. Kilitoka na mwaka 1861. Waliompinga aliwaandikia barua kali na kuwaita wauaji. Ukweli ulikuwa wake, lakini ukali wake ulimwongezea maadui.

Mwaka 1865 akili yake ilidhoofika. Akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Vienna. Walinzi walimpiga. Alikuwa na jeraha lililooza, na sumu yake ikaingia katika damu. Akafa tarehe 13 Agosti, 1865, akiwa na miaka 47. Alikufa kwa ugonjwa wa namna ile ile aliopigana nao.

Mwaka 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa aliwaonyesha madaktari vijidudu vya homa ya uzazi. Semmelweis alikuwa amesema kweli. Tangu mwaka 1969 chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kinaitwa kwa jina lake.

Na sisi je?

Ndugu msomaji, homa ya uzazi bado ipo, lakini inazuilika na inatibika. Mama mja mzito ahudhurie kliniki na ajifungulie mahali penye mkunga au daktari. Kila anayemhudumia lazima anawe mikono vizuri kwa sabuni na maji safi. Mama akishikwa na homa baada ya kujifungua, au akiumwa sana tumbo la chini, au akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, apelekwe hospitali mara moja. Asingoje kesho.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini wazazi wengi zaidi walikufa katika Wodi ya Kwanza?
2. Kifo cha Kolletschka kilimfundisha nini Semmelweis?
3. Kwa nini madaktari wengi walimkataa?
4. Katika kijiji chetu, anayemhudumia mzazi hunawa kwa nini, na maji hupatikana wapi?