Damas: Aliondoka, Hakusahau Kwao

Ndugu zetu, mwaka huu tunamkumbuka Léon-Gontran Damas, mzaliwa wa Cayenne, Guyane, mwaka 1912. Akiwa Paris, yeye na wenzake Césaire na Senghor walitetea heshima ya mtu mweusi. Diwani yake ya Kifaransa, Pigments, ilitoka 1937. Serikali ikaipiga marufuku 1939. Mwaka 1938 alichapisha kitabu kilichoanika dhiki ya Guyane, kisha akaiwakilisha katika Bunge la Ufaransa, 1948 hadi 1951. Alifariki Washington mwaka 1978, akazikwa kwao.

Sisi tulio mbali huchanga upesi kusafirisha maiti. Damas aliitumikia Guyane angali hai. Nasi tuchangie nyumbani tungali hai.