Korbinian Brodmann: Tabibu aliyeupa ubongo nambari

KWA muda mrefu wataalamu wa anatomia waliugawa ubongo kwa kufuata mikunjo na mifereji inayoonekana kwa macho. Aliyeibadilisha desturi hiyo ni Korbinian Brodmann, mzaliwa wa kijiji cha Liggersdorf, kusini mwa Ujerumani, mnamo Novemba 17, 1868.

Brodmann alisomea utabibu ili atibu wagonjwa tu. Hata hivyo, aliugua dondakoo, na alipokuwa akijiuguza huko Alexandersbad alikutana na Oskar Vogt, aliyemvuta kwenye utafiti wa neva. Baadaye mjini Frankfurt alitiwa shime na Alois Alzheimer, ambaye jina lake limebaki kwenye maradhi ya usahaulifu.

Kuanzia 1901 alijifungia katika maabara ya Vogt mjini Berlin. Alikata ubongo wa binadamu, nyani na wanyama wengineo vipande vyembamba mno, akavitia rangi, kisha akavikagua kwa hadubini. Gamba la ubongo, ambalo kwa macho matupu huonekana la namna moja, lilimdhihirishia seli zilizojipanga tabaka kwa tabaka, na mpangilio huo haukuwa sawa kila mahali. Ulipobadilika, hapo alichora mpaka.

Badala ya majina, maeneo hayo aliyapa nambari, 1 hadi 52, kwa jinsi alivyokutana nayo na wala si kwa ubora. Ndiyo maana eneo la kuamuru misuli ni la 4, la kuona lililo kisogoni ni la 17, nayo ya usemi ni 44 na 45. Baadhi ya nambari hazimo katika ramani ya binadamu, kwani ni za maeneo aliyoyabaini kwa wanyama wengine.

Kitabu chake kilitoka 1909. Ajabu ni kwamba kitivo cha tiba cha Berlin kiliikataa tasnifu ambayo ingempa idhini ya kufundisha chuoni, naye akahamia Tübingen mnamo 1910. Alioa 1917 akiwa tayari mtu mzima, akajaliwa binti. Mwaka wa 1918 aliitwa Munich, kwenye taasisi ya Emil Kraepelin. Hakudumu huko: alifariki Agosti 22 mwaka huohuo kwa maambukizi, akiwa na miaka 49.

Ramani mpya ya ubongo iliyotolewa 2016 ina maeneo 180 kila upande. Miongoni mwayo, la 4, la 44 na la 45 yangali na nambari za Brodmann.