Sofya Kovalevskaya: msichana aliyeonja hesabu ukutani, vyuo vikamfungia mlango

LUBERIZI, Kivu ya Kusini – Likizo kubwa ikifika, vijana wa bonde la Ruzizi wanaosomea Bukavu na Uvira hurudi nyumbani. Wale wa hesabu na fizikia hurudi na daftari la somo moja linalowatoa jasho: milinganyo ya diferensiali. Mara nyingi somo hilo hutolewa kwa mbio. Profesa mgeni anafika kutoka mbali, anafundisha asubuhi hadi jioni kwa siku chache, anatoa mtihani, anaondoka. Aliyeachwa nyuma anabaki na daftari lake. Na kama ni msichana, hakosi mtu wa kumwambia kwamba hesabu ni kazi ya wanaume.

Kuna mwanamke ambaye maisha yake yanajibu maneno hayo. Alikufa zaidi ya miaka 130 iliyopita, lakini jina lake bado linaandikwa ubaoni kila mahali somo hili linapofundishwa kwa kina. Ni Sofya Kovalevskaya, Mrusi.

Kwanza, somo lenyewe. Mlinganyo wa kawaida wa shuleni unaficha namba moja: tafuta x, umemaliza. Mlinganyo wa diferensiali unaficha safari nzima. Unaambiwa tu kitu kinabadilika kwa kasi gani, nawe utafute kilitoka wapi na kitafika wapi. Sufuria ya bugali ikitolewa motoni hupoa haraka mwanzoni, kisha polepole, kwa sababu kasi ya kupoa inategemea tofauti ya joto kati yake na hewa ya nje. Andika sentensi hiyo kwa alama za hesabu, umepata mlinganyo wa diferensiali. Mto unavyojaa, ugonjwa unavyoenea, daraja linavyotikisika, yote huandikwa kwa namna hiyo.

Karatasi za ukutani

Sofya alizaliwa Moscow mwezi wa kwanza 1850. Baba yake alikuwa jenerali wa mizinga, mtu mwenye mali na mashamba. Familia ilipohamia Palibino, magharibi mwa Urusi, nyumba ilipambwa kwa karatasi za ukutani, lakini karatasi zikapungua. Chumba kimoja cha watoto kikabandikwa karatasi za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa nyumbani. Zilikuwa mafundisho ya profesa Mikhail Ostrogradsky juu ya hesabu za diferensiali, ambayo baba aliyanunua alipokuwa kijana.

Mtoto huyo alisimama saa nyingi mbele ya ukuta, akijaribu kujua ukurasa upi unafuata upi. Hakuelewa kitu, ila alama zilimkaa kichwani. Alipofikia karibu miaka 15, mwalimu mmoja wa Saint Petersburg, Alexander Strannoliubsky, alianza kumfundisha hesabu hizo na akashangaa jinsi alivyozishika upesi, kana kwamba alizijua tangu zamani.

Si kwamba nyumbani walifurahi. Baba hakupenda msichana msomi, na kuna wakati alisimamisha masomo yake ya hesabu. Sofya akaazima kitabu cha aljebra na kukisoma usiku, wengine wakiwa wamelala.

Ndoa ya kupata njia

Wakati ule vyuo vikuu vya Urusi havikupokea wanawake. Kwenda ng'ambo nako kulihitaji ruhusa ya baba au ya mume. Mwaka 1868, akiwa na miaka 18, Sofya aliolewa na Vladimir Kovalevsky, kijana aliyechunguza mabaki ya wanyama wa kale. Ilikuwa ndoa ya makubaliano, ili binti apate kuvuka mpaka. Mwaka uliofuata walikuwa Ujerumani.

Katika mji wa Heidelberg alikubaliwa kusikiliza masomo, lakini kwa idhini ya kila profesa. Mwaka 1870 alikwenda Berlin kumtafuta Karl Weierstrass, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne ile. Profesa huyo, karibu miaka 55, alimpa matatizo magumu aliyowapa wanafunzi wake wa juu, labda akidhani hatarudi tena. Baada ya wiki moja Sofya alirudi, yote ameyatatua, tena kwa njia zake mwenyewe.

Weierstrass aliomba chuo kimruhusu kuingia darasani. Chuo kikakataa. Basi akaamua kumfundisha mwenyewe, bila malipo: Jumapili mchana Sofya alikwenda kwa profesa, na siku nyingine ya wiki profesa alikwenda kwake. Hivyo kwa miaka minne. Darasa lilikuwa la mwanafunzi mmoja, na kati ya somo na somo palikuwa na siku za kutosha za kukosea, kufuta na kuanza upya.

Mwaka 1874 kazi zake tatu zilipelekwa katika Chuo Kikuu cha Göttingen, nacho kikampa udaktari kwa sifa ya juu kabisa. Alikuwa na miaka 24, mwanamke wa kwanza katika Ulaya ya nyakati hizi kupata cheo hicho katika hesabu. Kazi moja ilihusu milinganyo ya diferensiali yenye vigeu vingi. Alionyesha ni kwa masharti gani mlinganyo wa namna hiyo una jibu, na kwamba jibu hilo ni moja tu. Tena alitoa mfano wa joto linavyosambaa, akaonyesha kwamba masharti yakikosekana njia hiyo inashindwa. Mfaransa Augustin Cauchy alikuwa amegusa jambo hilo mbele yake, ndiyo maana kanuni hiyo inaitwa kwa majina yao wawili: Cauchy na Kovalevskaya.

Diploma bila kazi

Yanayofuata vijana wetu wengi wanayajua vizuri. Sofya alirudi Urusi na diploma ya juu kabisa, akakosa kazi. Alichoweza kupata ni kufundisha wasichana wadogo kujumlisha na kutoa. Kwa karibu miaka sita aliweka hesabu kando. Akaandika magazetini, na mwaka 1878 akazaa binti. Yeye na mume wake wakaingia katika biashara ya nyumba, wakafilisika. Mwaka 1883 Vladimir, akiandamwa na madeni, alijiua.

Akiwa mjane mwenye miaka 33 na mtoto wa kulea, Sofya aliitwa Uswidi na Gösta Mittag-Leffler, naye mwanafunzi wa zamani wa Weierstrass. Mwaka 1884 alianza kufundisha Stockholm, kwanza kwa Kijerumani, huku akijifunza Kiswidi. Kwa muda binti yake alibaki Urusi, na watu walimsema sana kwa hilo.

Mwaka 1888 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza mshindi wa tuzo ya Bordin. Swali lilihusu mwendo wa kitu kigumu kinachozunguka juu ya nukta moja, kama pia ya watoto. Euler na Lagrange, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wametatua hali mbili za milinganyo hiyo. Kazi iliyoshinda ilileta hali ya tatu. Kwa kuwa kazi zilitumwa bila majina, waamuzi hawakujua wanasoma maandishi ya mwanamke. Walivutiwa kiasi cha kupandisha tuzo kutoka franka 3.000 hadi 5.000. Bahasha ya jina ilipofunguliwa, ilikuwa ya Kovalevskaya.

Mwaka uliofuata alifanywa profesa wa kudumu Stockholm. Nchi yake ilimpa heshima ya kuwa mshiriki wa Chuo cha Sayansi cha Urusi, lakini haikumpa darasa la kufundisha. Mwanzoni mwa 1891, akirudi kutoka likizo kusini mwa Ulaya, alishikwa na baridi njiani. Ugonjwa ukaingia mapafuni, akafa tarehe 10 Februari. Alikuwa na miaka 41.

Kwa anayefungua daftari Luberizi

Kovalevskaya alikuwa na kipaji, hakuna ubishi. Ila kipaji hicho alikuwa nacho tangu mbele ya ukuta wa Palibino, na kisingefika popote kama pasingekuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Strannoliubsky alimfungulia mmoja, Weierstrass wa pili, Mittag-Leffler wa tatu. Pale ambapo hakuna aliyefungua, miaka sita ilipita bila hesabu.

Na hata yeye, pamoja na akili yake, hakulimaliza somo hili kwa wiki mbili. Alipewa miaka minne ya Jumapili. Mwanafunzi anayeona mlinganyo haukubali baada ya siku tano za mbio asijihukumu mapema. Likizo bado ni ndefu, na kwa jirani huenda yuko kaka au dada aliyeshapita mtihani huo. Saa moja ya Jumapili, penseli mbili na daftari moja vinatosha kuanza.