Stead: Mhariri aliyeitikisa London kwa gazeti la jioni, akaishia jela

KILA ilipofika Novemba 10, William Thomas Stead alivaa sare ya mfungwa na kwenda nayo kazini jijini London. Hakuwa na wazimu wala hakuwa akiigiza. Alikuwa mhariri mwenye jina kubwa, na siku hiyo aliadhimisha hukumu aliyopewa mwaka wa 1885 kutokana na makala ya gazeti lake.

Gazeti hilo, Pall Mall Gazette, lilitoka kila jioni na lilikuwa miongoni mwa yaliyosomwa sana na wakubwa wa jiji. Limetoweka miaka mingi iliyopita. Lakini sheria iliyozaliwa na makala hayo ilidumu, sawa na mjadala kuhusu njia aliyoitumia mhariri wake.

Stead alizaliwa Julai 5, 1849, katika kijiji cha Embleton, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhubiri asiye na mali, na ndiye aliyemfunza kusoma, Kilatini kikiwemo. Akiwa na umri wa miaka 14 aliacha shule na kuwa karani katika ofisi ya mfanyabiashara mjini Newcastle.

Mwaka wa 1871, kijana huyo ambaye hadi wakati huo alikuwa akituma makala tu magazetini, alikabidhiwa uhariri wa gazeti la Northern Echo mjini Darlington. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Miaka mitano baadaye alivuma kote nchini alipoandika kwa hasira kuhusu mauaji ya raia wa Bulgaria mikononi mwa majeshi ya utawala wa Kituruki.

Sifa hizo zilimfikisha London mwaka wa 1880, akawa naibu wa John Morley katika Pall Mall Gazette. Gazeti hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka wa 1865 na mchapishaji George Smith. Jina lake liliazimwa kutoka kwa gazeti la kubuni lililomo katika riwaya ya Thackeray, na wasomaji wake walikuwa mabwana waliolisoma wakiwa wamestarehe katika vilabu vyao.

Morley alipoingia Bungeni mwaka wa 1883, Stead alichukua usukani na kulibadilisha gazeti. Alileta vichwa vya habari vikubwa, ramani na michoro. Alieneza mtindo wa kuwahoji watu mashuhuri, jambo ambalo waungwana wengi waliliona kuwa utovu wa adabu. Alimwajiri pia mwanamke, Hulda Friederichs, kwa masharti sawa na ya wanaume. Bernard Shaw na Oscar Wilde walikuwa miongoni mwa waliohakiki vitabu humo.

Nguvu ya gazeti hilo ilidhihirika Januari 1884. Stead alisafiri hadi Southampton kumhoji Jenerali Charles Gordon kuhusu vita vya Sudan, kisha akaishinikiza serikali impeleke huko. Siku chache baadaye Gordon alikuwa njiani kuelekea Khartoum. Januari 1885 jiji hilo lilitekwa na wafuasi wa Mahdi, naye akauawa.

Mwaka huo huo Stead aliingia katika vita vilivyomjengea jina na kumwachia doa. Wakati huo sheria ya Uingereza ilimhesabu msichana wa miaka 13 kuwa anaweza kukubali kulala na mwanamume. Mswada wa kuongeza umri huo ulikuwa umekwama Bungeni mara kadhaa, licha ya juhudi za wanaharakati kama vile Josephine Butler.

Stead aliamua kuthibitisha kwamba mtoto angeweza kununuliwa London kama bidhaa sokoni. Kupitia kwa mwanamke aliyewahi kufanya kazi hiyo, Rebecca Jarrett, alimpata msichana wa miaka 13 kutoka familia maskini. Bei ilikuwa pauni 5. Mkunga alimpima, akanusishwa dawa ya usingizi na kulazwa katika nyumba ya madanguro. Stead aliingia chumbani kama mteja, akatoka bila kumdhuru. Baadaye mtoto huyo alipelekwa Ufaransa chini ya ulinzi wa watu wa Jeshi la Wokovu.

Makala yalianza kuchapishwa Julai 6, 1885. Kampuni iliyomiliki vibanda vya magazeti katika vituo vya reli ilikataa kuliuza gazeti. Umati ulizingira ofisi zake ukigombania nakala, na zilizopatikana ziliuzwa tena kwa bei maradufu. Bunge lilisalimu amri. Agosti 14 sheria mpya ilipitishwa na kuinua umri huo hadi miaka 16.

Hata hivyo, Stead alikuwa amewaficha wasomaji jambo moja. Alibadilisha jina la mtoto na hakusema kwamba mnunuzi alikuwa yeye mwenyewe. Mama mzazi alipoanza kumtafuta binti yake, siri ilifichuka. Aliiambia mahakama kwamba alidhani mwanawe anapelekwa kuajiriwa kazi ya nyumbani. Baba yake hakuwa ameombwa ruhusa, na hilo ndilo lililomnasa mhariri.

Stead alifungwa miezi mitatu. Jarrett na mkunga walifungwa miezi sita kila mmoja, na mkunga huyo alifia gerezani. Mhariri alivaa sare ya wafungwa kwa siku chache tu, kisha akahamishiwa jela ya Holloway, alikopewa nafasi nzuri na kuendelea kulihariri gazeti lake kutoka huko. Wanyonge aliowatumia ndio waliolipa zaidi.

Aliachana na Pall Mall Gazette na mwaka wa 1890 akaanzisha jarida la Review of Reviews. Alipinga vita vya Uingereza dhidi ya Makaburu vilivyoanza mwaka wa 1899, ingawa msimamo huo ulimpotezea marafiki na wasomaji. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuhubiri amani baina ya mataifa.

Machi 1886 alikuwa amechapisha katika gazeti lake hadithi ya meli iliyozama baharini ikiwa na mashua chache za kuokolea abiria. Aprili 1912 alipanda meli ya Titanic kwenda New York kuhutubia kongamano. Alikuwa miongoni mwa zaidi ya watu 1,500 walioangamia usiku wa kuamkia Aprili 15. Mwili wake haukupatikana.

Gazeti lilimpita kwa miaka 11 pekee. Mwaka wa 1923 lilimezwa na mshindani wake, Evening Standard, ambalo nalo liliacha kutoka kila siku mwaka wa 2024. Magazeti ya jioni yaliyoitetemesha London yamezimika, lakini umri wa miaka 16 uliowekwa mwaka wa 1885 ndio unaotambuliwa na sheria ya Uingereza hadi leo.